Chuma cha Kumwonyesha Mkaguzi

Vioo vya duka la kofia vilikuwa vizima. Keohane alisimama katikati ya barabara akavikagua tena kimoja kimoja, kisha akageukia upande wa pili, mahali ambapo mpaka Alhamisi asubuhi ilisimama Hoteli ya Marchmont. Ghorofa sita za zege, zilizobakiza kupigwa lipu tu. Sasa kilikuwapo kifusi, na vumbi lililochanganyika na ukungu wa ghuba likageuka uji mweupe kwenye kingo za barabara.

"Baruti gani hii," alisema, "inayoangusha hoteli nzima na kuziacha kofia za akina mama zimetulia dirishani?"

"Baruti yenye adabu," alijibu Sajini Lacey wa polisi, huku akifuta viatu vyake kwa gazeti. "Mimi nakwambia alichosema Purdy, mkandarasi aliyeijenga. Vyama vya mafundi chuma vinamchukia, basi wamemlipua. Na tunaye mmoja wao ndani, Kessel. Alisikika baa akisema hoteli ile itaanguka."

"Mimi pia ningesema, kama ningeiona inavyojengwa."

Mort Keohane alikuwa fundi mwashi kabla bega lake la kulia halijavunjika. Tangu hapo alikuwa mpelelezi wa ofisi ya uchunguzi wa vifo, na kesi hii alikuwa amekabidhiwa Ijumaa mchana. Wapiga lipu wawili wa Kiitaliano, Ghiglione na shemeji yake Raggio, walikuwa wameingia ndani kuchukua vifaa vyao, jengo likawashukia na kuwaua. Mji mzima ulikuwa ukijengwa upya tangu ule moto mkubwa baada ya tetemeko, na kila wiki kulikuwa na ajali. Lakini jengo zima kuketi chini lenyewe, bila tetemeko, hilo lilikuwa jipya.

Alipanda juu ya kifusi mpaka kwenye kisiki cha nguzo ya ghorofa ya chini. Ilikuwa imekatika kama biskuti. Akagonga kwa mpini wa nyundo, mara mbili juu na mara moja chini, akasikiliza, kisha akapiga kwa chuma, kipande kikadondoka, akapiga tena. Ndani palikuwa na kokoto, mchanga, na kipande cha mbao ambacho hakikuwa na kazi yoyote pale. Nondo za kuibana zege hazikuwamo. Akasogea kwenye nguzo nyingine iliyolala ubavu. Kichwani vilichomoza vipande vya chuma, vizuri kabisa, vimefungwa kwa waya. Alishika kimoja akavuta. Kikatoka chote, kifupi kama mkono wa mtu.

"Hiki ni nini?" aliuliza Lacey.

"Mapambo. Anayechungulia kwa juu aone vichwa vya nondo aamini mwili uko chini."

Lacey alikipokea, akakigeuza. "Na mkaguzi wa majengo, yeye alichungulia tu?" Halafu akakumbuka jina la mkaguzi wa mtaa ule. "Samahani. Ni mzee wako, siyo?"

"Ni Mzee Stensrud, ndiyo."

Halvard Stensrud, Mnorwe, ndiye aliyemchukua Keohane baba yake alipofariki, akamtia mwiko mkononi na kumlaza kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake mpaka alipooa. Katika mji ule hapakuwa na mkaguzi aliyeaminiwa kuliko yeye.

"Walimchezea," alisema Keohane. "Asubuhi wanasimamisha nondo ndani ya mbao za nguzo. Mzee anakuja, anakagua, anatia sahihi, anaondoka. Wao wanazitoa, wanachomeka hivi vifupi, wanamwaga zege. Nondo zile zile zinapakiwa kwenda jengo la pili kuonyeshwa tena. Ziko mahali fulani sasa hivi, Lacey. Kwenye yadi ya Purdy, nadhani."

"Nadhani haitoshi. Jana nilimwomba jaji hati ya upekuzi, niangalie kama baruti ilitoka yadini kwake. Akaniambia Purdy ni mtu wa heshima na yadi yake ina ukuta. Zikiwa barabarani, naweza kuzisimamisha. Zikiwa ndani ya ukuta wake, ni zake."

"Basi tutafute aliyeziona zikitoka."

*

Mlinzi wa hoteli alikuwa Mreno wa visiwa vya Azori aitwaye Teodoro Brum. Hakuonekana tangu ajali. Keohane alimkuta katika nyumba ya wapangaji karibu na gati, ameketi peke yake mbele ya bakuli la supu ya maharage, kabichi na nyama ya nguruwe. Alipomwona mgeni, alivuta bakuli karibu zaidi, kana kwamba mgeni alikuwa amekuja kumnyang'anya.

"Alhamisi asubuhi ulitakiwa uwe mlangoni mpaka wapiga lipu wafike," Keohane alianza. "Hukuwapo."

"Tumbo, bosi."

"Lilikuuma?"

"Sana."

"Sasa limepona, naona. Supu ya nguruwe hiyo."

Brum alitazama supu, akatabasamu kidogo bila furaha. "Wewe ni polisi?"

"Mimi ni wa ofisi ya maiti. Polisi wana mtu wao tayari, fundi chuma. Watamnyonga kwa baruti ambayo haikuwapo. Unamfahamu Kessel?"

"Alikuwa ananipa tumbaku."

"Basi mlipe fadhila. Wewe ulikesha pale. Ulikuwa ukiona nini?"

Mlinzi alikula vijiko kadhaa. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba chuma kilikuwa kikija asubuhi kwa gari la farasi, na jioni kikiondoka kwa gari lile lile. Aliwahi kuuliza. Msimamizi akamwambia kazi yake ni kulinda vinavyobaki, siyo vinavyoondoka.

"Hilo nilikwishalifikiri," alisema Keohane. "Halikuumizi tumbo. Jumatano nani alikuja?"

Kijiko kilisimama.

"Brum, hukuondoka kwa sababu ya kabichi. Kuna mtu alikwambia."

"Sijui jina lake, na naapa. Wakaguzi huja mchana, mimi huja jioni. Huyu alikuja kazi imekwisha, mafundi wamekwenda. Peke yake. Kola ameipandisha, kofia ameishusha. Akaingia chini, akaanza kuzipiga nguzo. Nilidhani mwendawazimu."

"Kuzipiga na nini?"

"Nyundo ndogo. Kwa mpini, siyo kwa chuma. Anapiga, anaweka sikio. Akafika ya pembeni, akaweka sikio muda mrefu, nikamwona uso umembadilika. Akanijia akasema, 'Usilale humu leo. Kesho usiingie. Nenda kwako, na usiseme na mtu.' Akanishika mkono. Akanipeleka mwenyewe mpaka mlangoni, bosi."

"Anazipigaje? Nionyeshe."

Brum aligeuza kijiko, akauinamia mguu wa meza. Akagonga mara mbili usawa wa kifua chake, akangoja, akaweka sikio. Kisha akashuka, akagonga mara moja chini kabisa, karibu na sakafu.

Keohane alikuwa amesimama. Sasa alivuta kiti akaketi. Asubuhi ile ile, kwenye kifusi, mwenyewe alikuwa amegonga hivyo kabla ya kuvunja kisiki. Ugongaji ule hakuusoma popote. Alifundishwa na mtu mmoja, ambaye alisema aliugundua mwenyewe akiwa kijana na hajapata kumwona mwingine akiufanya.

"Unamjua?" aliuliza Brum.

"Na wapiga lipu?" Keohane aliuliza. "Hukuwaambia?"

Mlinzi aliweka kijiko mezani. "Nilifikiri atalifunga jengo. Nililala nikijua asubuhi nitakuta kufuli na karatasi mlangoni. Mtu anajua hivyo, halafu asifunge? Nani angefikiri hivyo?"

Keohane aliinuka. Alimwambia asihame nyumba ile, akatoka.

*

Zilibaki njia mbili za kumsafisha Stensrud. Pengine mzee aliripoti, na wakubwa wake wakaikalia ripoti. Pengine aliagiza jengo lifungwe na Purdy akapuuza. Keohane alizing'ang'ania njia zote mbili mpaka ofisi ya gazeti la wajenzi, ambako habari za aina hiyo hupitia kabla ya kufika mahali pengine popote.

Gazeti lile lilisomwa na kila mtu aliyeuza tofali au msumari. Lilitangaza zabuni zilizofunguliwa, kandarasi zilizotolewa, vibali, majengo yaliyokamilika, majengo yaliyofungwa. Mhariri wake, Bibi Augusta Wempe, alikuwa amelirithi kwa mumewe akaligeuza kitu cha kuogopwa. Keohane alimkuta na wino mpaka kwenye kidevu.

"Keohane. Umekuja kulipia gazeti la mwaka mzima, au umekuja kunipotezea Jumamosi?"

"Kupoteza Jumamosi. Ile habari ya baruti, nani alikuletea?"

"Purdy mwenyewe, kwa simu. Vumbi halijatua. Mtu ameangukiwa na hoteli, cha kwanza anachokumbuka ni kumpigia mhariri. Sikuichapa. Magazeti makubwa yameichapa, ndiyo maana ni makubwa."

"Wiki hii uliletewa agizo lolote la kufunga Marchmont?"

"La."

"Huenda lilichelewa."

"Maagizo ya kufunga majengo huletwa na Stensrud kwa mkono wake, pamoja na vibali. Alikuja Ijumaa asubuhi kama kawaida. Kaketi hapo ulipoketi. Nikampa kahawa, hakuinywa." Alivua miwani akamtazama vizuri. "Una nini? Umekuwa rangi ya lipu."

"Alisema nini?"

"Kuhusu Marchmont? Kwamba ni msiba. Na kwamba nisiwe na wasiwasi, kesi atapewa kijana wake na ataimaliza kwa haki. Alikuwa anakusifu wewe, zuzu. Mbona unanikazia macho?"

"Ijumaa asubuhi."

"Ndiyo, kabla hatujaanza kuchapa."

"Mimi niliitwa mchana, Bibi Wempe. Asubuhi mkuu wangu mwenyewe alikuwa hajaamua."

Alimwona mama yule akilichukua neno hilo na kuligeuza. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili. Alivuta karatasi iliyotoka mashineni ikiwa mbichi, akamsogezea.

"Basi na hili ulijue. Purdy amepata kandarasi ya shule ya mtaa wa Mission. Nguzo za chini zimekwishamwagwa zege. Jumatatu wanaendelea na za juu. Mkaguzi ni yule yule."

*

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Keohane alimkuta mzee barazani kwake, amevaa shati jeupe bila kola, akiparua rangi ya zamani kwenye fremu ya dirisha. Ndani mlinukia samaki na iliki ya mikate ya mkewe, Mama Borghild. Mzee alipomwona, uso wake ulifunguka wote.

"Mort. Njoo, kaa. Borghild ametoka kukutaja sasa hivi. Bega?"

"Linasumbua ukungu ukija."

"Basi linasumbua kila siku." Stensrud alicheka, akaendelea kuparua. "Kesi inakwendaje? Nimesikia umekataa habari ya baruti. Vizuri. Kijana yule Kessel hana hatia. Purdy kanichezea, Mort. Nondo nilizikagua kwa macho yangu mwenyewe, kumbe wanazitoa nyuma yangu. Nitasema hivyo mbele ya jopo la uchunguzi, hata kama nitaonekana mjinga."

Yalikuwa maneno yale yale ambayo Keohane alimwambia Lacey juu ya kifusi. Kuyasikia yakirudishwa yakiwa yamekwisha kupangwa vizuri kulimfanya ashindwe kukaa.

"Jumatano jioni ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapa."

"Mlinzi alimwona mtu anapiga nguzo kwa mpini wa nyundo. Mbili kifuani, moja chini."

Mparuo ulikoma. Mzee alikitazama kipande cha rangi kilichoning'inia kwenye patasi, akakiondoa kwa kidole.

"Wengi hupiga nguzo," alisema.

"Hivyo? Nitajie mmoja. Mbali na mimi."

Barabarani familia ilipita ikisukuma kigari cha mtoto. Stensrud aliwaamkia kwa kichwa, wakamwamkia. Walipokwisha kupita alikaa kwenye ngazi, polepole, kama mtu aliyebeba mzigo.

"Si kwa ajili ya fedha," alisema. "Hilo liamini."

"Niambie la kuamini."

"Mwaka wa kwanza baada ya moto tulikuwa wakaguzi wachache, mji mzima unapanda kwa siku moja. Jengo moja la Purdy nilitia sahihi bila kupanda juu. Nilikuwa nimechoka. Mara moja tu, Mort. Baadaye, kwenye jengo lingine, nikaiona nondo yenye kovu la kuungwa, nikakumbuka nimekwisha kuiona mahali pengine. Nikamwita Purdy. Akanisikiliza kwa upole kabisa. Akasema, 'Lile la kwanza lina wapangaji sasa, na watoto wao. Utakaposimama kusema, swali la kwanza watakaloniuliza mimi litakuwa lipi? Na la kwanza watakalokuuliza wewe, uliyetia sahihi?'"

"Ukanyamaza."

"Nikasema litakuwa la mwisho. Kila moja nikasema hivyo."

"Na Jumatano?"

"Jumatano niliisikia inalia. Nguzo ya pembeni. Nilimtoa mlinzi."

"Ulimtoa mmoja. Kufuli ulikuwa nalo mfukoni."

"Nilikwenda kwa Purdy. Akaniapia ataliegemeza kwa magogo usiku ule. Nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini." Aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Wale Waitaliano hawakutakiwa kuja mapema."

Keohane alimsogelea. "Uliniombea kesi hii."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Ulikwenda kwa mkuu wangu, Alhamisi ile ile, maiti hazijatolewa. Kwa nini mimi? Wapelelezi wapo."

"Kwa sababu wao wangenitazama," alisema Stensrud. "Wewe usingenitazama."

Jikoni masufuria ya Mama Borghild yaligongana. Ndipo Keohane akauliza lililomleta. "Nondo ziko wapi?"

"Yadi yake. Nyuma ya zizi la farasi, chini ya turubai."

"Twende sasa hivi uyaseme hayo mbele ya Lacey. Kessel yuko ndani kwa ajili yenu. Na kesho wanamwaga zege shuleni."

"Nitakuja. Haki ya Mungu, nitakuja. Nipe nafasi nivae, nimwambie Borghild mwenyewe."

Keohane alitazama juu. Toka kwenye mlingoti wa barabara waya ulivuka bustani ukaingia ukutani, karibu na dirisha la ukumbi. Kila mkaguzi alikuwa amewekewa simu na halmashauri.

"Mwambie, ni haki yake," alisema. "Usiharakishe. Lacey atapata hati ya upekuzi kesho asubuhi, jaji atakapoketi. Mpaka wakati huo hakuna atakayegusa yadi. Nitakungoja getini."

Alishuka, akafunga geti nyuma yake, akasimama akiipa nyumba mgongo. Dirisha lilikuwa wazi nusu. Alimsikia mzee akipanda ngazi, akishuka, akisimama ukumbini. Kimya kilikuwa kirefu, na ndani ya kimya kile Keohane aliomba, ingawa hakuwa mtu wa kuomba. Kisha mkono wa simu ukazungushwa.

Alitoka Borghild, mama mnene mwenye aproni, mikono ina unga. Alikuja mpaka getini akasimama upande wake wa ndani.

"Halvard ananiambia anakwenda na wewe mjini. Jumapili."

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa anaongea na nani kwenye simu?"

"Hukusikia?"

"Nilisikia," alisema. "Nataka unidanganye."

Keohane aliinamisha kichwa. Mama yule alimpangusa unga kwenye bega la koti, ingawa hapakuwa na unga, akarudi ndani.

Stensrud alitoka amenyoa, amevaa koti jeusi la kanisani. Akamtia mkono begani kama zamani walipokuwa wakishuka pamoja jukwaani jioni. "Twende, mwanangu. Nitawaeleza kila kitu." Walipanda tramu. Njiani mzee alionyesha jengo moja na lingine, akitaja mafundi waliojenga. Keohane alijibu ndiyo na hapana.

Walikaa kituo cha polisi muda mrefu wakimngoja Lacey. Hatimaye kwato zikasikika kwenye lango la nyuma. Gari la farasi liliingia uani, polisi wawili wakiwa wamekalia mzigo, na juu ya kiti cha mbele, katikati ya msimamizi wake na Sajini Lacey, alikuwa Everett Purdy amevaa suti ya Jumapili. Lacey aliruka chini akafunua turubai. Nondo zilikuwa nyingi, zinang'aa kwa kushikwashikwa. Moja ilikuwa na kovu la kuungwa.

"Alikuwa anazikimbiza gatini," Lacey alisema. "Tulimwacha atoke langoni kabisa, mpaka gurudumu la nyuma likakanyaga barabara."

Stensrud aliziangalia nondo, akamwangalia Lacey, akaishia kwa Keohane.

"Ulikuwa umewaweka pale toka mapema. Kabla hujaja kwangu."

"Toka asubuhi."

"Ulijua nitapiga simu."

"Nilitumaini hutapiga."

"Lakini uliwaweka."

"Niliwaweka," alisema Keohane. "Umenifundisha wewe, mzee. Kuamini hakuzuii kukagua."

Mzee akatafuta benchi akaketi. Pale pale mlango wa mahabusu ulifunguliwa, akatolewa Kessel, ndevu zimemwota, suruali anaishika kwa mkono kwa kuwa mkanda ulikuwa bado kaunta. Alipomwona mkaguzi, alikuja moja kwa moja, akamshika mkono kwa heshima kwa mikono yake yote miwili, suruali nusura ianguke.

"Mzee Stensrud. Nilijua utakuja. Niliwaambia humu ndani, mngojeni mkaguzi, yeye atasema kweli kuhusu ile hoteli. Asante, mzee. Mke wangu atakuletea keki."

Stensrud hakuuondoa mkono wake. Alimtazama Keohane juu ya bega la kijana yule, na macho yalikuwa yakiomba wazi kabisa, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane.

Keohane alivuta kiti kingine, akakiweka mbele ya benchi.

"Kaa, Kessel," alisema. "Mzee ana jambo la kukueleza. Utalisikia wewe kabla karani hajaliandika."